Sinema Mpya za Mtandaoni: Ipi Yafaa Kutazamwa, na kwa Mizani ya Nani?

Mwezi Novemba mwaka 2021 kampuni ya Netflix ilitoa sinema iitwayo Red Notice, yenye waigizaji mashuhuri wa Hollywood, na haukupita muda mrefu mashahidi watatu wakawa wameitolea ushahidi usiopatana hata kidogo. Wahakiki ambao maoni yao hukusanywa na tovuti ya Rotten Tomatoes waliikataa, kwani walioisifu hawakufika asilimia 40. Watazamaji wa kawaida, katika tovuti iyo hiyo, waliipa takriban asilimia 90. Na kampuni yenyewe ikaiweka kileleni mwa orodha yake, ikisema kwamba katika siku 91 za mwanzo ilitazamwa mara zaidi ya milioni 230, hesabu ambayo hakuna sinema yake nyingine iliyoipita mpaka mwaka 2025. Mtu wa Dar es Salaam au wa Mombasa aliye na saa mbili tu za mapumziko, na bando ambalo sinema ya picha angavu yaweza kulila hadi GB 3 kwa kila saa, ana haki ya kuuliza: kati ya mashahidi hawa, amsadiki yupi?

Swali hili huulizwa kila mwisho wa juma, majumbani na katika makundi ya WhatsApp, na aghalabu hujibiwa kwa pupa. Mmoja husema tazama asilimia, mwingine husema wahakiki hawajui raha, wa tatu husema fungua tu kile kilichowekwa juu kabisa. Kila rai ina hoja yake na kila moja ina kasoro yake, nazo kasoro hizo zina sababu zinazoweza kuelezwa. Makala haya yanakusudia kuzieleza, kisha kuzipima.

Jinsi tulivyofika hapa

Zama za majumba ya sinema, picha ilipofika Majestic ya Unguja au Avalon ya Dar es Salaam, ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya watu kadhaa waliotia fedha zao na kuogopa hasara: msambazaji aliyeikodi, mwenye jumba aliyeitengea usiku wake, na hatimaye watazamaji wa siku ya kwanza, ambao habari yao ilienea mitaani kabla ya jua la kesho yake kuchwa. Picha dhaifu iliondoka upesi, na picha iliyowagusa watu, kama Awaara ya Raj Kapoor iliyotoka India mwaka 1951, ilirudishwa tena na tena, na waliokwisha kuiona walirudi kuiona. Uchaguzi ulikuwa mchache, lakini ulikuwa umechujwa, na tiketi iliyolipiwa mlangoni ilikuwa kura isiyoghushika kwa urahisi.

Utiririshaji umeuvunja utaratibu huo hatua kwa hatua. Netflix, iliyoanzishwa California mwaka 1997 kwa biashara ya kukodisha diski kwa njia ya posta, ilianza kutiririsha filamu mwaka 2007, na mwezi Januari 2016 ikafungua milango yake kwa nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, za kwetu zikiwamo; Showmax ya Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kuanza mwaka 2015. Wakati huohuo ule muda uliokuwa ukipita kati ya sinema kuonyeshwa katika majumba ya sinema na kufika nyumbani ulipungua. Marekani ilizoea kungoja takriban siku 90. Julai 2020 kampuni ya Universal na wenye majumba ya AMC wakapatana kwamba siku 17 zinaweza kutosha. Na mwaka 2021 Warner Bros. ikazitoa sinema zake zote za mwaka ule, huko Marekani, katika majumba ya sinema na mtandaoni siku moja.

Matokeo yake ni kwamba sinema inayoitwa mpya katika jukwaa la utiririshaji yaweza kuwa moja ya aina nne zilizo mbali sana. Iko iliyotoka katika majumba ya sinema juzi, ambayo tayari imehakikiwa na kulipiwa. Iko iliyonunuliwa katika tamasha, ambayo imepimwa na majaji lakini haijaonwa na umma. Iko iliyogharimiwa na jukwaa lenyewe na kushushwa kwa wateja siku moja ulimwenguni kote, bila mtu wa nje kuigusa kabla. Na iko ya miaka kumi au ishirini iliyopita ambayo haki yake ya kuonyeshwa imekodiwa mwezi huu tu. Zote nne huwekwa safu moja, chini ya anwani moja, kwa picha za ukubwa mmoja, na hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa sababu kinachomfaa mtazamaji kukijua kwanza, yaani sinema hii imetoka wapi na nani angepata hasara kama ingekuwa mbovu, ndicho kinachofichwa na mpangilio huo.

Fauka ya hayo, haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Orodha ya sinema mpya za wiki iliyoandikwa New York ni ya wateja wa New York. Sinema ileile yaweza kuwa Nairobi imo katika jukwaa jingine, au haimo kabisa. Wasomaji wengi hupoteza jioni nzima wakitafuta kitu ambacho katika nchi yao hakikuuzwa.

Rai ya kwanza: jukwaa lenyewe linanijua

Wanaolitegemea pendekezo la jukwaa wana hoja isiyopuuzwa. Jukwaa limeona ulichokimaliza na ulichokiacha katikati, saa unayotazama na saa unayolala, na hakuna mhakiki awaye yote aliye na habari hizo. Netflix ilithamini hesabu hizi kiasi cha kuahidi, mwaka 2006, zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha utabiri wake kwa asilimia 10; zawadi ikatolewa mwaka 2009, ingawa mfumo ule ulioshinda haukutumiwa kwa ukamilifu wake, kwa kuwa kazi ya kuujenga ilionekana kuzidi faida.

Lakini mjuzi wa tabia yako si lazima awe wakili wa maslahi yako. Jukwaa halikuuzii sinema moja. Linakuuzia mwezi, na lengo lake ni usiukate. Kwa hiyo likikupa sinema ya kadiri ambayo hutaizima, limefaulu, hata kama kesho yake hukumbuki jina lake. Tazama mabadiliko yaliyofanywa: mwezi Aprili 2017 Netflix iliondoa nyota tano ambazo mteja alizitumia kupima sinema, ikaweka dole gumba la juu na la chini. Nyota zilisema sinema ni nzuri kiasi gani. Dole gumba linasema tu ulete kama hii au usilete, na ile asilimia iliyowekwa kando ya jina la sinema ilikisia uwezekano wa wewe kuipenda. Wapo walioisoma asilimia hiyo kama sifa ya sinema, nayo haikuwa hivyo.

Hata picha ya nje hubadilika kwa mteja na mteja. Mpenda mapenzi huonyeshwa wawili waliokumbatiana, na mpenda vichekesho huonyeshwa uso wa mchekeshaji aliyemo kwa dakika chache tu, na sinema ni ileile.

Orodha ya Kumi Bora, iliyoanza kuonekana mwezi Februari 2020, nayo yataka tahadhari. Kwa muda fulani Netflix ilimhesabu kuwa ametazama mtu aliyekaa na sinema dakika 2 tu. Baadaye ikahesabu saa, na tangu mwaka 2023 inagawanya jumla ya saa kwa urefu wa sinema, njia iliyo bora zaidi kuliko zile za kwanza; hata hivyo yapima kufunguliwa na kukaliwa, wala haimwulizi mtu kama aliridhika. Kisha orodha hujilisha yenyewe, kwa maana kilichomo hutazamwa kwa sababu kimo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jukwaa vyote viwili hutembezwa na mnadi mmoja, kwa sauti moja, na mnunuzi amenyimwa ile dalili ya zamani ya kumtambulisha kipi ni kipi.

Rai ya pili: wahakiki na asilimia zao

Hapa pana kosa linaloenea kuliko yote, nalo linastahili kuelezwa kwa utulivu. Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, haitoi alama ya ubora. Inahesabu wahakiki wangapi kati ya mia waliielekea sinema kwa upande wa kuipenda, na ikifika asilimia 60 huipa nyanya nzima. Chukua wahakiki kumi. Wote wakisema sinema fulani si mbaya, inapita, yaani sita juu ya kumi, tovuti itaandika asilimia 100. Sasa chukua sinema nyingine ambayo sita kati yao wameiona kazi adhimu ya mwaka, na wanne wameichukia: tovuti itaandika asilimia 60. Anayefuata namba ataikimbilia ya kwanza, ambayo hakuna hata mmoja aliyeipenda kwa moyo, na ataiacha ya pili, ambayo sita wangependa kuitazama tena. Metacritic hufanya vingine: hukusanya alama zenyewe na kutafuta wastani, tena ikiyapa uzito zaidi baadhi ya magazeti, huko sinema ile ya kwanza ingepata 60 hivi. Namba mbili tofauti kutoka kwa wahakiki walewale, na wala hakuna aliyesema uongo.

Nguvu ya njia hii ni kubwa ikitumiwa mahali pake. Sinema iliyokataliwa na wahakiki tisa kati ya kumi, watu wenye mielekeo tofauti wasiokubaliana kwa mambo mengi, aghalabu ina kasoro ya kweli katika hadithi au katika utengenezaji wake. Kwa hiyo asilimia ya chini ni onyo lenye maana kuliko asilimia ya juu ilivyo pendekezo.

Udhaifu wake wa pili unatuhusu sisi hasa. Wahakiki wanaohesabiwa wengi wao huandika Marekani na Uingereza, kwa Kiingereza. Sinema ya Nairobi au ya Dar es Salaam aghalabu huhakikiwa na wachache, na nyingine haina alama kabisa. Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka mwaka 2012 na kumpatia Joseph Wairimu tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, imejaa Kiswahili na Sheng; ladha yake nusu imo katika maneno, katika namna kijana wa kijijini anavyobadilisha lugha anapofika mjini, nalo jambo hilo msomaji wa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha hawezi kulisikia. Kukosa alama si kufeli. Lakini mtazamaji aliyezoea namba huipita sinema isiyo na namba kama kwamba haipo, na hasara hiyo naiona kuwa nzito kuliko ya kupoteza jioni moja kwa sinema mbaya, maana watengenezaji wetu hukosa watazamaji waliokuwa haki yao.

Rai ya tatu: kura za watazamaji

Wanaosema watazamaji ndio wenyewe husahau nani hupiga kura. IMDb, iliyoanza mwaka 1990 na kununuliwa na Amazon mwaka 1998, hupokea alama kutoka moja hadi kumi kwa yeyote aliyejiandikisha, awe ameiona sinema au hakuiona. Wapigao kura ni wale waliofurahi mno au kukasirika mno, na mara nyingine ni watu waliopangana. Mwezi Februari 2019 Rotten Tomatoes iliondoa nafasi ya maoni kabla ya sinema kutoka, baada ya watu kuishambulia Captain Marvel ambayo hawakuwa wameiona. Mei mwaka ule ikaanzisha kura zilizothibitishwa kwa tiketi. Dawa ile ni nzuri kwa majumba ya sinema, lakini sinema iliyoshuka moja kwa moja mtandaoni haina tiketi ya kuthibitisha chochote, na kwa hiyo kura zake zimebaki wazi kama zamani.

Kura hizi zina faida pale zinapokuwa nyingi na sinema imekwisha kupoa. Alama ya wiki ya kwanza ni ya mashabiki na mahasimu. Alama ya baada ya miezi ni ya watu.

Rai ya nne: tuzo na matamasha

Roma ya Alfonso Cuarón ilipata Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2018, kisha Oscar tatu. Atlantics ya Mati Diop, iliyopigwa Dakar kwa Kiwolofu, ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa ya Cannes mwaka 2019, kisha ikaingia Netflix. CODA, ambayo Apple iliinunua kwa dola milioni 25 katika tamasha la Sundance la mwaka 2021, ikawa mwaka uliofuata sinema ya kwanza ya jukwaa la utiririshaji kushinda Oscar ya sinema bora. Tuzo za namna hii ni ithibati kwamba watu wasio na hisa katika kampuni wameketi, wameitazama sinema mpaka mwisho na kuipambanua na nyingine, na ithibati hiyo haipatikani katika orodha ya Kumi Bora.

Ila majaji huipima sanaa, hawaipimi kiu yako ya Ijumaa usiku. Roma ni ya picha nyeusi na nyeupe, yaenda polepole, na hufunguka kwa mtu aliyekaa nayo bila simu mkononi. Aliyeitazama huku akipika atasema amedanganywa, na atakuwa hakudanganywa na mtu. Pia tamasha la mbali si hakimu wa pekee: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ina mambo ya Unguja ya kabla ya uhuru ambayo mtazamaji wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe huyatambua kwa kuyaona tu. Tamasha la Zanzibar, ambalo tangu miaka ya 1990 huonyesha picha zake Ngome Kongwe, lingestahili kufuatwa na watazamaji wetu kwa bidii ileile wanayoifuatia Oscar.

Rai ya tano: neno la mtu unayemjua

Njia kongwe kuliko zote ndiyo iliyobaki na siri nyingi. Sifa yake ni kwamba unamjua msemaji: wajua shangazi yako hulia kwa kila harusi ya kihindi na rafiki yako hapendi sinema isiyo na bastola, basi neno lao unalipima kwa kipimo chao. Hata mtu ambaye hukubaliani naye ni kiongozi mzuri, maadamu hafuati upepo. Roger Ebert, aliyeandika katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, alikuwa na wasomaji wengi waliopingana naye kila wiki na bado wakamfuata, kwa kuwa alieleza sababu, na sababu zikielezwa msomaji hupata cha kuamulia.

Watu wetu walikuwa na wahakiki wao bila kuwapa jina hilo. Lufufu katika Tanzania na DJ Afro katika Kenya, waliozisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, hawakutafsiri tu. Walichagua sinema ipi inastahili kusimuliwa, wakasisitiza palipo na utamu na kufidia palipopwaya, na mtazamaji wa kibanda umiza alinunua jina la msimulizi kabla ya jina la sinema. Huo ulikuwa uaminifu kwa mtu mwenye jina na ladha inayojulikana, kitu ambacho hesabu za kompyuta haziwezi kukitoa.

Upungufu wa njia hii ni udogo wake. Marafiki hutazama anachotazama kila mtu, na mara nyingi wamekitoa katika ile ile orodha ya Kumi Bora. Anayewafuata wao tu hatakutana na Atlantics maishani mwake.

Kuzipima

Ukizikusanya rai hizi tano utaona kwamba hazishindani kwa kweli, kwa sababu kila moja inajibu swali jingine. Jukwaa linajibu kama utabaki. Asilimia inajibu kama wahakiki wengi wameikubali. Kura inajibu kama mashabiki wameridhika. Tuzo inajibu kama ni sanaa. Rafiki anajibu kama itampendeza mtu wa ladha yake. Kosa ni kuchukua jibu la swali moja na kulipachika katika jingine, na kwa Red Notice ndilo lililotendeka: wahakiki waliulizwa kama ni sinema njema, watazamaji wakaulizwa kama ilipitisha jioni, na watu wakazishika namba zile wakagombana.

Kwa rai yangu, jambo la kwanza la kulitafuta ni asili ya sinema. Iliyotoka katika majumba ya sinema au matamashani imekwisha kupita mbele ya watu wa nje, na maoni yao yapo tayari kusomwa. Iliyogharimiwa na jukwaa na kutolewa bila wahakiki kuonyeshwa mapema yafaa kungojwa juma moja au mawili, na kungoja huko hakugharimu kitu, kwa kuwa haitaondolewa Alhamisi kuipisha nyingine kama zamani. Kwa hakika haraka inayotangazwa imewekwa upande usio wake. Sinema ya jukwaa lenyewe kwa kawaida hukaa miaka, ingawa Disney ilitoa somo mwaka 2023 ilipoiondoa Crater, mali yake yenyewe, wiki saba baada ya kuitoa. Ila ile ya kukodi, ya zamani, iliyotupwa safu za chini, ndiyo yenye siku ya mwisho katika mkataba. Mwenye kutaka kuwahi na awahi huko.

La pili, asilimia itumike kukataa, isitumike kuchagua. Ikiwa chini sana, soma wahakiki wawili ujue walilalamikia nini, kwani kasoro iliyomkera mhakiki yaweza kuwa ndiyo raha yako. Ikiwa juu, usiitegemee mpaka umeona kama walioisifu waliisifu kwa moyo au kwa kutokuwa na la kusema. Ikiwa haina alama kabisa, nayo imetoka kwetu, itazame dakika ishirini kwa insafu kabla ya kuihukumu.

La tatu ndilo lililo gumu, kwa sababu mtazamaji peke yake hawezi kulitimiza. Tunahitaji wahakiki wenye majina, wanaoandika kwa Kiswahili, kila wiki, juu ya sinema zinazopatikana hapa, kwa msomaji anayelipia bando la hapa. Magazeti yetu yanaipa kandanda kurasa kadhaa kila siku, na mshabiki wa Yanga au wa Gor Mahia hasomi alama za mchezo tu, anasoma hoja. Sinema inayotazamwa katika kila nyumba yenye simu haina hata safu moja ya kudumu katika magazeti mengi. Wahariri wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanaombwa waianze: nusu ukurasa siku ya Ijumaa, sinema tatu, mwandishi mmoja aliyetia jina lake, na moja kati ya hizo tatu iwe daima ya Afrika Mashariki.